Jicho Kwenye Kioo

Mtu amesimama kando ya barabara, mkono ameunyanyua. Ni saa sita usiku, manyunyu yanaanguka, na dereva wa teksi anayemkaribia ana sekunde chache za kuamua: asimame au apite. Akipita, nauli imemponyoka. Akisimama na yule akawa abiria wa kweli, amepata riziki yake, pengine na bakshishi juu. Akisimama na yule akawa jambazi, anaweza kupoteza mapato ya usiku mzima, au gari, au roho. Na wema hauandikwi kwenye paji la uso. Kinachoonekana ni koti, mwendo, mfuko alioshika, umri, mahali aliposimama, na jinsi anavyolitazama gari likija.

Uamuzi huu wa sekunde chache ndio uliowakalisha wanasosholojia wawili kitako mpaka wakautungia kitabu. Diego Gambetta, Mwitaliano aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Oxford, na Heather Hamill, mwenzake wa huko huko, walikichapisha mwaka 2005 kwa jina la Streetwise. Nimekisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilifuata visa vya madereva. Mara ya pili nilitaka kuielewa nadharia. Mara ya tatu nilirudi kama mtu anayerudi karakana kumtazama seremala akiranda ubao: nilitaka kuona mkono unavyokwenda.

Mkono huo kwanza ulichagua miji. Madereva wa teksi hulazimika kuwaamini wasiowajua kila mahali duniani, lakini waandishi hawa walikwenda Belfast na New York. Belfast ilikuwa imetoka katika miaka thelathini hivi ya umwagaji damu baina ya pande mbili ambazo watu huziita, kwa mkato, Wakatoliki na Waprotestanti. Kampuni nyingi za teksi zilijulikana ni za mtaa upi, na mtaa ulijulikana ni wa upande upi, hivyo dereva alikuwa shabaha rahisi. Muuaji alipiga simu kama mteja yeyote, akataja anwani, akangoja gari limfuate. New York nako, mapema miaka ya 1990, madereva waliouawa kwa mwaka walihesabika kwa makumi. Pale ambapo kosa ni dogo, watu huamini kwa mazoea, wala hawajui kwamba wameamini. Pale ambapo kosa ni kaburi, kila mtu ana hoja zake, na ukimuuliza atakupa. Kujua pa kwenda kuuliza ilikuwa nusu ya kazi.

Kisha wakauvua mkasa nguo. Wakavua mvua, usiku, jina la mji, rangi ya gari. Kilichobaki ni mti mdogo wa maamuzi wenye ncha tatu. Dereva ana zamu ya kwanza: akikataa, mchezo umekwisha na kila mtu yuko alipokuwa. Akikubali, zamu ni ya abiria: alipe au adhuru. Wapo abiria ambao kwao kulipa ni bora, na wapo ambao kwao kudhuru ni bora. Dereva angependa kuwachukua wa kwanza na kuwaacha wa pili. Basi.

Msomaji mgeni wa nadharia ya michezo, elimu ya kupima maamuzi ya watu wanaotegemeana, akifika hapa huguna. Hili kila dereva analijua, na hakuhitaji Oxford kuambiwa. Ni kweli. Lakini tazama mti ule ulivyo mtupu, utaona una tundu mahali pamoja tu: dereva atamjuaje abiria ni wa aina gani? Fundi mbovu angeendelea kuupamba mti, akaongeza matawi na alama za hesabu. Gambetta na Hamill waliuacha vile vile, wakachukua daftari, wakaenda kuzungumza na madereva na wapokea simu na kuzunguka nao, kwa ajili ya tundu lile moja. Kitabu kizima kimemiminwa humo. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Kabla ya hapo Gambetta alikuwa ameandika makala, mwaka 2001, pamoja na Michael Bacharach, mwanauchumi wa Oxford aliyefariki mwaka uliofuata. Katika makala hiyo wanaligeuza swali kidogo tu, kama mtu anayegeuza ufunguo. Sifa zinazomfanya mtu aaminike zimo ndani yake na hazionekani. Zinazoonekana ni ishara za nje. Kwa hiyo anayetaka kuamini hana budi kuacha kuuliza “huyu ni mwema?” na kuuliza “hii ishara ni ya kweli?” Maana nyuma ya kila ishara ya wema yuko mtu anayetamani kuivaa bila kuwa nao. Mwema huionyesha ishara, mwovu huiiga, mwamini huchunguza, mwovu hujifunza kilichochunguzwa. Tatizo limehama kutoka moyoni, mahali ambapo hakuna msosholojia anayeweza kuingia, likaja kwenye koti na mfuko na sauti ya simu, mahali ambapo kila mtu anaweza kutazama.

Kipimo cha ishara ni bei. Si bei ya dukani. Ni gharama ya kuipata kwa mtu asiyestahili kuwa nayo. Ishara ambayo mwema anayo bure, na mwovu hawezi kuipata ila kwa gharama inayozidi faida ya uovu wake, hiyo ni ya kuaminiwa. Michael Spence alikuwa amelionyesha hilo mwaka 1973 kwa habari ya vyeti vya shule na soko la ajira. Madereva walikuwa wanalijua bila kusoma makala yake. Suti ni ishara, lakini suti hukodishwa. Uzee ni ishara nzito zaidi: kijana wa miaka ishirini na miwili hawezi kuzeeka hadi sabini kwa ajili ya fedha za usiku mmoja. Madereva waliwapenda wanawake kuliko wanaume, wazee kuliko vijana, aliyeitisha gari kutoka anwani inayojulikana kuliko aliyezubaa pembeni pa barabara. Mwanamume anaweza kujitanda, najua, lakini bado ana sauti ya kuficha, na mwendo, na viganja.

Kuna ishara moja ninayoipenda kuliko zote. Madereva walisema huwa na amani na abiria aliyezama katika mambo yake mwenyewe kuliko yule mdadisi. Mtu anayehesabu chenji, anayegombana na simu, anayepekua mfuko akitafuta funguo, huyo apande. Anayeuliza leo biashara vipi na unafunga saa ngapi, huyo atazamwe. Jinsi ninavyoielewa mimi, siri iko kwenye fikra. Mwenye nia mbaya hawezi kuacha kumfikiria dereva, kwa sababu dereva ndiye kazi yake ya usiku huo. Kuizamisha akili katika jambo la uongo huku unapiga hesabu ya jambo la kweli kunachosha, na uchovu huo huvuja machoni. Dereva anautafuta kwenye kioo cha juu, kile ambacho abiria hudhani kimewekwa kwa ajili ya magari ya nyuma.

Na ishara isipotosha, huchokozwa. Dereva hupunguza mwendo apite polepole mara moja amtazame mtu vizuri. Huanzisha maongezi, na anachosikiliza ni namna ya kujibu zaidi ya jibu lenyewe. Belfast mpokea simu huuliza jina na namba ya simu kabla ya kutuma gari. Mteja wa kweli hapotezi kitu kwa kujibu, mwongo inambidi atunge papo hapo na akumbuke alichotunga. Katika mji ule hata namna ya kutamka jina la herufi H husemwa kuwa hufichua mtu kazaliwa upande upi. Unaona hapo jinsi mti wenye ncha tatu unavyofanya kazi. Haukuwaambia waandishi watakuta nini. Uliwaambia tu pa kuchungulia, na kila kitu kidogo walichokikuta, kuanzia mfuko wa sokoni hadi herufi ya alfabeti, kilipata pa kukaa.

Kuna sehemu ya kitabu inayokwama kooni. Mantiki ile ile inayosema uzee hauigiki ina upande wa pili: aliyebeba ishara mbaya mwilini hawezi kuivua. Kijana anayetoka zamu ya usiku, mchovu, mwenye rangi ambayo dereva wa New York ameamua kuihofu, anabaki mvuani akiwa hana kosa. Tena dereva mwenyewe mara nyingi ni wa rangi hiyo hiyo, au ni mgeni aliyeingia Marekani juzi. Nadharia inaeleza kwa nini gari lilipita. Gari lenyewe limekwishapita, na aliyeloa ameloa.

Sisi tuliokua karibu na mabaraza tuna bao, na nimejaribu mara nyingi kuieleza nadharia ya michezo kwa bao nikashindwa. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na zote ziko wazi juani. Fundi akikufunga, amekufunga kwa kitu ambacho nawe ulikuwa unakitazama. Aibu yake ndiyo hiyo. Michezo wanayoishughulikia wanasosholojia hawa iko karibu zaidi na karata, kila mtu na lake mkononi. John von Neumann na Oskar Morgenstern, walipochapisha mwaka 1944 kile kitabu kinene cha Princeton kilichoizindua nadharia, walitenga sehemu nzima kwa poka, mchezo ambao nusu yake ni kuficha ulichonacho na nusu kujifanya una usichonacho. Hesabu zake ni ngumu, lakini mbegu yake ni hiyo.

Wanasosholojia walichelewa kuichukua. Jessie Bernard, Mmarekani, aliwapigia mbiu mwaka 1954 kupitia American Journal of Sociology, akisema hii ingeweza kuwa sosholojia mpya ya migogoro. Walioitika walikuwa wachache. Hesabu ziliwatisha, hilo halina ubishi. Lakini kulikuwa na jambo zito zaidi. Walikuwa wamefunzwa kumwona mtu kama zao la malezi, tabaka na desturi, na huyu mtu wa kwenye nadharia, anayepima faida na hasara kila hatua, aliwafikia kama mgeni kutoka kwa wanauchumi, amekuja na mkeka wake na anataka kulala katikati ya chumba. Aliyemkaribisha vizuri alikuwa Erving Goffman. Katikati ya miaka ya 1960 alikaa Harvard karibu na Thomas Schelling, mtaalamu wa mikakati, na mwaka 1969 akatoa Strategic Interaction. Ukikifungua kitabu hicho utakutana na majasusi na watu wanaojitahidi uso wao usiwaumbue, huku wanaowatazama nao wakijitahidi kuona kwamba wanajitahidi. Madereva wa Belfast wangekielewa bila mkalimani.

Kazi nyingine ninayoirudia ni ya Peter Kollock wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, iliyotoka mwaka 1994, na inaanza na mchele. Wachunguzi wa masoko ya Thailand walikuwa wameona jambo la ajabu. Mchele uliuzwa kwenye minada, mtu akimuuzia yeyote, leo huyu kesho yule. Mpira, ule wa kugemwa kwenye miti, uliuzwa kwa namna tofauti kabisa: mkulima na mnunuzi walishikamana miaka na miaka. Nchi ni moja, watu ni wale wale.

Mama aliyezoea Kariakoo angekisia sababu kabla sijamaliza sentensi. Mchele unauchota kiganjani, unaupuliza, unaunusa, unatafuna punje mbili, na hakuna muuzaji atakayekwambia ni wa Kyela ukakubali kama si wa Kyela. Mpira mbichi hausemi. Ubora wake haujulikani mpaka upitie usindikaji mrefu, na wakati huo mkulima yuko kwake na fedha zako. Mkulima aliyejitahidi kuugema na kuutunza kwa usafi hana la kuonyesha siku ya kuuza. Mnunuzi naye hana la kumthibitishia kwamba bei anayompa ni ya haki. Wote wawili wanacheza gizani. Wakaona heri kucheza na mtu yule yule.

Mwingine angeishia hapo, akaandika insha nzuri juu ya desturi za wakulima wa Asia. Kollock alishuku kwamba desturi haina mkono katika jambo hili, na njia aliyotumia kulihakikisha ndiyo inayonifanya nimvulie kofia. Aliuondoa mchele, akauondoa mpira, akaiondoa Thailand yenyewe. Aliwaweka wanafunzi wa Marekani mbele ya kompyuta wauziane bidhaa ambazo hazikuwepo, za ubora mbalimbali. Katika chumba kimoja ubora uliotajwa ndio uliokuwa. Katika kingine muuzaji aliweza kusema lolote, na mnunuzi akaja kujua baada ya kulipa. Tofauti ni hiyo moja. Vijana wa chumba cha kwanza walihamahama kama wauza mchele. Wa chumba cha pili walianza kung'ang'aniana wawili wawili, wakajali sifa zao na za wenzao, na wengine wakaacha bei nzuri zaidi ya mtu wasiyemjua ili wabaki na yule ambaye hajawaangusha. Walipoulizwa mwishoni, waliwaamini wenzao kuliko wale wa chumba cha kwanza walivyowaamini wa kwao. Mahali penye udanganyifu ndipo imani ilipoota. Pale ambapo huwezi kudanganywa, hujapata nafasi ya kuona kwamba mtu alikuwa na uwezo wa kukudanganya na hakufanya hivyo.

Nilipolisoma hilo nilimkumbuka muuza samaki ambaye mama yangu hakumwacha kwa miaka ishirini, hata siku ambazo meza ya jirani ilikuwa na bei ya chini. Tulimwona mkaidi. Samaki wa mapema unamjua kwa jicho na kwa mashavu, lakini samaki aliyelala kwenye barafu ni mpira mbichi.

Mfano wa tatu nitaupitia haraka, maana umeshasimuliwa sana na wengine. Robert Axelrod, mwanasayansi wa siasa wa Michigan, aliwaalika wataalamu watume programu za kompyuta zishindane katika mchezo ambao kila mmoja ana tamaa ya kumsaliti mwenzake. Ilishinda programu fupi kuliko zote, ya Anatol Rapoport: anza kwa wema, kisha mlipe mwenzako kile alichokutendea zamu iliyopita. Hiyo yenyewe ni kichwa cha habari. Iliyoupa uzito mchezo huo katika kitabu cha Axelrod cha mwaka 1984 ni kazi ya mtu mwingine, msosholojia wa Uingereza Tony Ashworth, aliyekuwa amekaa na shajara, barua na kumbukumbu za askari wa Vita Kuu ya Kwanza mpaka akaona jambo ambalo majenerali hawakutaka lionekane. Katika sehemu nyingi za mahandaki ya upande wa magharibi, askari wa pande mbili walikuwa wameacha kuuana. Mara nyingi hawakuwa wamekutana wala kuandikiana. Walifyatua mizinga saa ile ile kila siku, mahali pale pale, ili mwenzao ajue pa kutokuwepo. Walikuwapo wadunguaji wa Kijerumani waliochagua doa moja kwenye ukuta wa nyumba na kulipiga tena na tena hadi likawa tundu: angalia ninavyolenga, na angalia kwamba sikulengi wewe.

Sharti la amani ile lilikuwa kukaa pamoja muda mrefu. Kikosi kilichojua kitakabiliana na kikosi kile kile wiki ijayo kilikuwa na sababu ya kungoja wiki ijayo. Kilichokuja kuivunja ni mashambulizi madogo ya usiku yaliyoamriwa na makao makuu, ya kuvamia handaki la adui. Risasi unaweza kuipiga hewani ukaandika umeipiga. Uvamizi hauigiziki, kwa sababu ukirudi unadaiwa mateka au maiti. Ni mantiki ya dereva wa Belfast iliyovalishwa sare: kilichoivunja amani ni ishara ambayo hakuna wa kuiigiza.

Sasa nije nyumbani, maana michezo hii ilifika hata kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kikundi cha wanaanthropolojia na wanauchumi walisambaa katika jamii ndogo kumi na tano duniani wakiwa na michezo michache ya fedha halisi. (Mpaka kati ya wanaanthropolojia na wanasosholojia ni uzio wa miti mikavu, mbuzi hupita.) Matokeo yalikusanywa katika kitabu cha mwaka 2004. Tanzania walicheza Wahadza na Wasangu. Kenya walicheza Waorma, wafugaji wa pande za Mto Tana, ambao Jean Ensminger alikuwa amewafahamu kwa miaka mingi kabla ya kuwaletea mchezo wowote.

Mchezo wa kwanza ni wa kugawana. Mmoja anapewa fedha, anaamua amkatie mwenzake asiyemjua kiasi gani. Mwenzake akikubali, kila mtu anachukua chake. Akikataa, wote wanakosa. Mtu wa kwenye vitabu vya uchumi angetoa senti moja, na yule wa pili angeipokea kwa shukrani, kwa kuwa senti ni bora kuliko patupu. Mtu huyo hakupatikana katika jamii hata moja kati ya zile kumi na tano. Wastani wa kilichotolewa ulianzia asilimia 26 kwa Wamachiguenga wa Peru mpaka 58 kwa wavuvi wa nyangumi wa Lamalera, Indonesia. Wahadza walitoa kama theluthi. Waorma walitoa asilimia 44.

Mchezo wa pili ni wa mfuko wa pamoja. Kila mchezaji anapewa fedha na kuamua kwa siri aweke kiasi gani mfukoni mwa wote. Kilichowekwa huongezwa maradufu, kisha hugawanywa sawa, hata kwa asiyeweka kitu. Mjanja haweki, anangoja mgao. Ensminger alipoueleza, Waorma waliutambua mara moja: kumbe ni harambee. Na tangu hapo wakauita mchezo wa harambee.

Neno hilo ni letu wote. Lilikuwa wito wa watu wanaovuta mzigo mmoja kabla Jomo Kenyatta hajalifanya wito wa taifa mwaka 1963. Msosholojia wa Kenya Philip Mbithi, pamoja na Rasmus Rasmusson, walikuwa wameuandikia kitabu mtindo huo mwaka 1977, jinsi vijiji vinavyochangishana hadi shule ikasimama. Waorma walikuwa wameshachanga kwa ajili ya shule na barabara, wanajua nani hutoa na nani huhesabiwa kuwa hakutoa. Hivyo mchezo uliotengenezwa maelfu ya kilomita mbali, uliosafishwa usibaki na harufu ya mahali popote, ulipotua Mto Tana ulipewa jina na kurudishiwa nguo zake zote kabla ya fedha kugawiwa. Waliweka wastani wa asilimia 58, na robo yao waliweka kila walichopewa.

Mtafiti mwenye pupa angeona ameharibikiwa: mchezo umeshachafuliwa na maisha. Ensminger alikuwa na subira. Alijua kwamba katika harambee ya kweli mwenye mifugo mingi hutarajiwa kutoa zaidi. Ndani ya mchezo hakuna aliyekuwa na mifugo. Wote walipewa fedha sawa, na hakuna aliyeona mwingine ameweka nini. Hata hivyo, alipolinganisha vilivyowekwa na utajiri wa kila mtu nyumbani kwake, wenye mifugo mingi walikuwa wameweka zaidi. Alifanya hesabu hiyo hiyo kwa ule mchezo wa kwanza, wa kugawana na mtu usiyemjua, ambao hakuna kitu cha kila siku kule Mto Tana kilichofanana nao. Humo tajiri na maskini walikata sawa.